Boksi 64 zilizofika Goba mara mbili

Mwezi wa nne, masika yakiwa yameshaigeuza njia ya kuingilia mtaani kuwa tope tupu, kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kilipeleka Goba, Dar es Salaam, boksi 64 za marumaru kwa mteja anayemalizia nyumba. Baada ya saa mbili kikafika kirikuu cha pili: boksi 64, marumaru zile zile, rangi ile ile, hati ya kutolea mzigo yenye namba nyingine. Fundi akapokea. Fundi gani anakataa mzigo? Mwenye nyumba alikuwa kazini mjini, na pesa alikuwa amelipa mara moja tu.

Duka liko Buguruni, stoo iko Vingunguti, na mfumo wao wa oda tuliuandika sisi, vijana watatu tunaofanyia kazi kwenye chumba kimoja Sinza. Kosa lilikuwa letu. Ila kabla halijajulikana kuwa letu, lilikuwa limeshapata mtu wa kulibeba.

Mtu huyo ni mzee wa stoo. Mhasibu alipofunga hesabu za mwezi aliona risiti za EFD, mashine ya risiti za kodi, haziendani na hati za kutolea mzigo. Mashine ya EFD haijaunganishwa na mfumo wetu. Keshia hupiga risiti pale mteja anapolipa, basi. Kwa hiyo risiti ilikuwa moja, hati mbili, na stoo imepungua boksi 128. Mama mwenye duka akaona jibu ni moja: mzee anakula njama na dereva. Mshahara wake ukashikiliwa. Alichojitetea nacho, nilivyosimuliwa, ni maneno manne: "Mimi natoa kilichoandikwa tu."

Mama alinipigia simu si kwa sababu alitushuku sisi. Alitaka nimtolee orodha ya hati zote za mzee huyo za miezi mitatu. Nilipofika dukani, baada ya shikamoo na marahaba, aliniuliza kama kwa kupitisha muda tu: "Mwanangu, huu mfumo wenu unaweza kujiandikia oda wenyewe?"

"Hapana mama, hauwezi."

Nililisema kwa kifua kipana kabisa.

Oda ya kwanza ilikuwa namba 4117, ya pili 4123. Niliyalinganisha maelezo yake safu kwa safu. Kila kitu kilifanana, hata kosa la uandishi: kwenye sehemu ya maelekezo keshia aliandika "mzigo ufike kabla ya adhuuri", u mbili, na oda ya pili nayo ina "adhuuri" yenye u mbili. Mtu anaweza kuandika oda hiyo hiyo mara mbili. Kukosea mahali pale pale, kwa herufi ile ile, ni vigumu. Hapo ndipo nilipoanza kuacha kumfikiria mzee nikaanza kutufikiria sisi.

Nikafungua logi za seva, yaani kumbukumbu za kila ombi lililoifikia. (Kwa anayeanza kazi hii hapa mjini: seva yetu huandika muda wa UTC (saa ya kimataifa), saa ya ukutani iko mbele kwa saa tatu, na keshia anakusimulia kwa saa za Kiswahili. 07:12 ya logi ni 10:12 ya ukutani ni saa 4:12 asubuhi ya keshia. Nilipoteza karibu saa nzima nikitafuta tukio mahali ambapo halikuwapo.) Nilichokiona kutoka kompyuta ya keshia ni hiki: saa 4:12 ombi la POST (la kutuma fomu) kwenye anwani ya kuhifadhi oda. Saa 4:20 POST nyingine, anwani hiyo hiyo. Saa 4:31 tena. Saa 4:38 tena. Kisha kimya hadi saa 5:03, POST ya tano. Katikati ya zote hizo hakuna hata GET moja (ombi la kusoma ukurasa) ya kufungua fomu ya oda mpya. Yaani oda iliwasilishwa mara tano na mtu ambaye fomu aliifungua mara moja.

Lakini oda zilizoingia ni mbili, si tano. Hilo lilinitia aibu nilipokumbuka sababu yake.

Mwaka uliotangulia watu wa duka walilalamika kwamba keshia akibonyeza kitufe cha "Hifadhi" mara mbili kwa haraka, oda zinakuwa mbili. Tulifanya mambo mawili kwa siku moja. Kwanza, mstari wa JavaScript, lugha inayofanya kazi ndani ya kivinjari (browser), unaozima kitufe kikishabonyezwa na kuandika juu yake "Inatuma…". Pili, upande wa seva, tukaweka kizuizi: ikija oda ya mteja yule yule yenye jumla ile ile ndani ya dakika 30, usiihifadhi, mwoneshe ile ya mwanzo. Malalamiko yakaisha. Tukajipongeza.

Sasa nikaketi na dada wa keshia, nikamwomba anioneshe siku yake inavyokwenda.

"Dada, ukishahifadhi oda unafanya nini?"

"Nasubiri mzee atoe mzigo. Narifreshi hapa, nione kama pameandikwa imetoka."

"Ukirifreshi inakuwaje?"

"Kinakuja kile kidude kinachouliza. Nabonyeza Continue."

"Kila ukirifreshi?"

"Kila nikirifreshi, kaka. Si ndiyo kawaida yake?"

Kidude hicho ni onyo la kivinjari kwamba ukurasa ulioko mbele yako umepatikana kwa kutuma fomu, na kuupakia upya ni kuituma fomu hiyo tena. Limeandikwa Kiingereza, lina vitufe viwili, na dada huyu alikuwa amelijibu mamia ya mara bila kudhurika. Hakudhurika kwa sababu kizuizi chetu cha dakika 30 kilikuwa kinamkinga. Kwa maneno mengine, sisi ndio tuliomfundisha kwamba Continue haina madhara.

Siku ya Goba mvua ilinyesha. Kirikuu kilichelewa kurudi Vingunguti, mzee hakuwa na gari la kupakia, na oda ikabaki "inasubiri" kupita kawaida. Dada alirifreshi saa 4:20, 4:31 na 4:38, kizuizi kikafanya kazi yake. Kisha akaenda kunywa chai. Karibu saa 5 kasoro mzee alipakia mzigo na kuiandika 4117 kuwa imetoka. Saa 5:03 dada akarudi, akarifreshi, Continue. Dakika 51 zilikuwa zimepita. Kizuizi kimeshaisha, oda 4123 ikazaliwa, na kwenye skrini yake pakatokea mteja yule yule, boksi zile zile, na neno lile lile: inasubiri. Namba ya oda tulikuwa tumeiweka pembeni kwa herufi ndogo za kijivu, kwa kuwa tuliona inapendeza hivyo.

Akampigia mzee simu. "Mzee wangu, mzigo wa Goba mbona hujautoa?" Mzee akashangaa, maana ametoa, akatazama skrini yake, akakuta kweli kuna oda ya Goba inasubiri. "Nikadhani kaongeza," aliniambia baadaye. Akapakia.

Tulijenga vibaya tangu mwanzo ukurasa wa risiti, ule anaouona keshia akishahifadhi oda (si risiti ya EFD). Fomu ilitumwa kwa POST, na seva ikajibu POST hiyo hiyo kwa ukurasa kamili wa risiti. Kwa kivinjari, ukurasa huo si kitu unachoweza kukitazama tena; ni matokeo ya tendo. Katika historia yake kimeandika anwani pamoja na jinsi ulivyopatikana, na mwili wa fomu umo humo. Ukikiambia "pakia upya", njia pekee kinayoijua ni kulirudia tendo. Dada alikuwa anauliza swali: imetoka au bado? Sisi tulikuwa tumempa chombo ambacho hakiwezi kuuliza bila kuagiza.

Kanuni za HTTP, lugha ambayo vivinjari na seva huzungumza, zimeshalitenganisha jambo hili zamani. RFC 9110 ya Juni 2022 (RFC ni hati za viwango vya intaneti), ambayo ndiyo inayotawala sasa, inalieleza GET kuwa ombi salama, la kusoma tu. PUT na DELETE hubadilisha vitu, lakini kuzirudia mara kumi kunakusudiwa kuwe na athari ya mara moja. POST haitoi ahadi yoyote ya namna hiyo, na ndiyo maana vivinjari huiwekea onyo.

Tiba ya kwanza ni mistari michache. Seva ikishahifadhi oda, isijibu kwa risiti. Ijibu kwa namba 303 (kila jibu la seva huja na namba ya kueleza lilivyokwenda) na kichwa cha Location, yaani mstari wa maelezo unaotangulia jibu, chenye anwani ya oda yenyewe, tuseme /oda/4117. Kivinjari kinakwenda huko kwa GET, na kinachobaki kwenye historia ni hiyo GET. POST haiachi ukurasa wake humo. Hapo F5, yaani kurifreshi, inakuwa kusoma tu, anwani inaweza kunakiliwa na kutumwa kwa mhasibu, na kidude cha Continue hakionekani tena.

Kwa nini 303? Fremuweki nyingi (programu za kujengea tovuti) huelekeza kwa 302 usipozichagulia, na kwa vitendo inafanya kazi. Lakini inafanya kazi kwa sababu ya kosa lililozoeleka: kwenye HTTP/1.0, RFC 1945 ya mwaka 1996, 302 haikukusudiwa kuigeuza POST kuwa GET, vivinjari vikaigeuza hivyo hivyo. HTTP/1.1 ikaleta 303 kwa ajili ya "nenda kasome kule", na RFC 2616 ya 1999 ikaongeza 307 kwa ajili ya "rudia ombi lile lile kule". Mwenzetu mdogo ofisini aliona 307 ni namba kubwa zaidi akadhani ni ya kisasa zaidi, akaiweka kwenye seva ya majaribio. Kivinjari kikatii: kikaichukua POST na mwili wake mzima kikaipeleka kwenye ukurasa wa risiti, ambao haupokei POST, na kosa la 405 (ombi la aina hii halikubaliwi hapa) likatujaa skrini. Tulicheka, ila ilimfundisha kuliko ningemweleza mimi.

Fomu yenye makosa, kwa mfano keshia amesahau idadi, hatukuielekeza kwingine. Seva inajibu moja kwa moja kwa 422 (ulichotuma hakishughulikiki) na fomu iliyojazwa. Akirifreshi hapo onyo linarudi, kweli, lakini hakuna kilichoandikwa, kwa hiyo hakuna kinachorudiwa. Wapo wanaosisitiza hata hapo pawekwe 303. Mimi naona ni kazi ya bure.

Tulipoiweka tiba hiyo niliamini tumemaliza. Siku tatu baadaye dada alipiga simu: "Kaka, nikirudi nyuma batani imeganda." Akishahifadhi oda alikuwa anabonyeza mshale wa kurudi ili aandike ya mteja mwingine, badala ya kufungua fomu mpya. Mara nyingi vivinjari vya sasa havipakii upya ukurasa unaourudia. Huuhifadhi mzima kwenye kumbukumbu, pamoja na hali ya JavaScript yake, na kukurudishia ulivyouacha. Chrome ilianza hivyo kwenye simu mwaka 2020 na kwenye kompyuta 2021; Firefox na Safari walitangulia kwa miaka mingi. Kwa hiyo kitufe tulichokizima mwaka uliopita kilirudi kikiwa kimezimwa, kimeandikwa "Inatuma…", hakitumi chochote. Dawa yake ni kusikiliza tukio la pageshow, ambalo kivinjari hulitangaza ukurasa unapooneshwa, na thamani yake ya persisted ikiwa kweli (yaani ukurasa umetoka kwenye kumbukumbu), kitufe kiwashwe.

Hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba fomu ile ilirudi na maandishi yake yote, na mtu akikiwasha kitufe anaweza kuituma tena bila seva kuona GET yoyote. Ule ushahidi wangu wa "hakuna GET katikati", niliojivunia mbele ya wenzangu, una tundu hapo.

Na tundu la pili lilioneshwa na kijana wa mauzo. Huyu huzunguka na simu, na siku hiyo alikuwa ndani ya pantoni akienda Kigamboni. Alituma oda, mtandao ukakatika katikati ya mlango wa bahari. Oda ilifika kwenye seva. Jibu la 303 halikumfikia. Simu ikamwonesha ukurasa wa kosa, akarifreshi, na kwa kuwa kivinjari hakikupata pa kwenda, kitu pekee kilichokuwa nacho ni ile POST. Uelekezaji humlinda mtu aliyepata jibu. Asiyelipata haumsaidii.

Hapa ndipo inapohitajika tokeni. Seva inapotoa fomu tupu, inaweka ndani yake neno refu la nasibu, lililofichwa. Fomu ikirudi, neno hilo linahifadhiwa pamoja na oda. Ikija POST nyingine yenye neno hilo hilo, seva inajua hii si oda mpya bali ni ile ile inayouliza kama imefika, na inaijibu kwa 303 ya kwenda kwenye oda ya kwanza. Jibu lile lile, bila kelele. Nimeona mifumo inayojibu kwa maandishi mekundu kwamba fomu imeshatumika. Hiyo ni kumtisha mtu ambaye hajakosa kitu, na mtu aliyetishwa huandika oda upya tangu mwanzo, na hapo tokeni haitakuokoa.

Toleo letu la kwanza la tokeni lilikuwa na kosa la kawaida kabisa: tafuta kama neno lipo, kama halipo hifadhi. Tuliijaribu kwa maombi mawili yaliyopishana kwa sehemu ndogo ya sekunde, yote mawili yakatafuta, yote yakakuta halipo, yote yakahifadhi. Kizuizi lazima kiwe ndani ya hifadhidata yenyewe, safu ya tokeni iwe na sharti la upekee, kisha uhifadhi kwanza. Ukikataliwa ndipo utafute oda iliyotangulia.

Tulichojadiliana muda mrefu zaidi ni hiki. Dada amehifadhi boksi 64. Mteja anasema, "Ah, fanya 70." Dada anabonyeza mshale wa kurudi, anabadili idadi, anahifadhi. Tokeni ni ile ile, maelezo ni mengine. Ukimrudishia oda ya kwanza kimya kimya, ataamini amepata 70 na stoo itatoa 64. Ukihifadhi mpya, Goba inapata 134. Rasimu ya IETF, chombo kinachotunga viwango vya intaneti, kuhusu kichwa cha Idempotency-Key (tokeni ya kutambua ombi lililorudiwa) inapendekeza 422 kwa hali hiyo, na kwa programu zinazozungumza na programu inatosha. Mtu anahitaji zaidi. Sasa pamoja na tokeni tunahifadhi alama ya maelezo, inayobadilika maelezo yakibadilika. Tokeni ikiwa ile ile na alama ikiwa nyingine, anaona ukurasa unaosema: oda hii imeshahifadhiwa kwa boksi 64, unataka kuirekebisha iwe 70, au kuandika oda nyingine? Mwenzangu mmoja bado anasema ni hatua ya ziada inayochelewesha foleni. Dada wa keshia hajawahi kuilalamikia.

Kwenye simu za watu wa mauzo fomu ni ya hatua tatu ndani ya ukurasa mmoja: mteja, bidhaa, uhakiki. Kila hatua tuliiongeza kwenye historia kwa pushState, ili kitufe cha kurudi cha simu kirudishe hatua moja badala ya kumtupa nje kabisa. Oda ikishahifadhiwa, hatua ya uhakiki inabadilishwa na risiti kwa replaceState, na akirudi kwenye hatua zilizobaki nyuma, programu inatazama kama tokeni imeshatumika na kumwonesha risiti. Ilichukua mchana mmoja.

Kisha tukakiondoa kile kizuizi cha dakika 30. Mama hakutaka. "Si zitarudi?" Nikamwonesha kitu nilichokikuta nikipekua logi: mteja wa Kimara aliagiza mifuko 20 ya saruji kwa ajili ya viwanja viwili, oda mbili tofauti zilizopishana kwa dakika kumi na kitu, jumla sawa. Ya pili ilimezwa. Alipolalamika kuwa mzigo mmoja haujafika, duka lilimwambia hakuagiza, na sisi tulipoulizwa tukathibitisha kwamba hakuagiza. Kizuizi kile kilikuwa kinadhani kufanana ni kurudia.

Katika miezi mitatu nilipata jozi 19 za oda zinazofanana zilizohifadhiwa ndani ya saa mbili. Tano zilikuwa halali. Kumi na nne zilikuwa zetu, na kati yake 11 zilifutwa na keshia au mzee mwenyewe kabla mzigo haujatoka. Mzee ndiye aliyezikamata nyingi, kwa kupiga simu kuuliza. Tatu zilitoka. Nilizichapa zote na muda wake, saa za Kiswahili, nikamkabidhi mama mbele ya mhasibu, na nikamwambia kwamba lile jibu nililompa siku ya kwanza halikuwa kweli.

Mwenye nyumba wa Goba alikuwa muungwana, alirudisha boksi 61. Tatu fundi alikuwa ameshazifungua na kuzikata kwa ajili ya choo. Hizo tulizilipia sisi kwenye ankara ya matengenezo ya mwezi huo. Mzee alipewa mshahara wake. Nilikwenda Vingunguti kumwomba radhi ana kwa ana. Alinisikiliza hadi mwisho, akaitika, kisha akaniita kwenye skrini yake na kuuliza kama ile namba ya oda pembeni inaweza kuandikwa kubwa. Tuliiandika kubwa siku hiyo hiyo.